Sura ya 5: Pikipiki Unayoweza Kuibeba

Ukitoka Kasongo kuelekea Kabambare mwezi wa Desemba, hutakaa sana juu ya kiti kabla ya kushuka. Kijito kimekula daraja, na kilichobaki ni ulalo: magogo mawili yenye utelezi, na maji ya rangi ya chai yakipita chini yake. Dereva anazima injini, abiria anashuka, mzigo unafunguliwa. Mmoja anashika usukani, mwingine anashika keria ya nyuma, na pikipiki inavuka kwa mikono ya watu. Ng'ambo wanafunga mzigo upya, wanapiga kiki, wanaendelea. Muda si mrefu wanashuka tena.

Naanza na ulalo kwa sababu moja. Nimesikiliza mabishano mengi kuhusu pikipiki ipi ni bora, barazani, sokoni na chini ya miembe ya mafundi, na karibu yote yamefanywa na watu walioketi mahali pakavu. Anayetaka kununua chombo cha kusini mwa Maniema, huku kwetu Kongo, aanze kukipima pale kwenye magogo, ndipo arudi nyuma kwenye mambo mengine.

Swali la chombo kipi ni bora si la kwetu peke yetu. Mwaka 1976 kampuni ya Volkswagen ilianza kuuza Golf GTI. Lilikuwa gari dogo la familia, lenye mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka juu ili mzigo uingie, ila ndani yake waliweka injini ya lita 1.6 yenye nguvu-farasi 110. Uzito wake ulizidi kilo 800 kidogo tu. Wenyewe walikusudia kutengeneza magari 5,000. Kizazi kile cha kwanza kikapita 400,000. Peugeot walifuata na 205 GTI mwaka 1984. Watu waliyapenda magari hayo kwa kuwa yaliwaondolea kulazimika kuchagua. Jumatatu gari lilipeleka watoto shuleni na kurudi na viazi, Jumapili lilipanda milima kwa kasi iliyowatia wivu wenye magari ya fahari. Tangu wakati huo mnunuzi wa gari la namna hiyo hupima mambo matatu pamoja: mbio zake, uimara wake, na kazi inayoweza kufanya siku ambazo hakuna anayetazama.

Kusini mwa Maniema gari hilo halina pa kupita. Reli ya zamani ya Maziwa Makuu, iliyojengwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kati ya Kongolo na Kindu, inapita upande wa magharibi wa mto Lualaba, nasi wa Kasongo tuko mashariki yake. Treni zenyewe huchukua muda mrefu kutoka moja hadi nyingine. Malori hupita wakati wa kiangazi, na masika huyafunga kwenye matope siku nyingi. Kabla ya pikipiki kazi ilifanywa na baiskeli, tena si za kupanda. Ni za kusukuma, mti umefungwa kwenye usukani ili mtu atembee kando, mafuta ya mawese au mpunga ukining'inia kila upande. Baiskeli hizo bado zipo, na ninawaheshimu wanaozisukuma kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini mtu anayehitaji kufika leo hupanda pikipiki. Ndiyo gari letu la familia, lori letu, ambulansi yetu, na kwa vijana, ndiyo farasi wao wa mbio. Mambo yale matatu yote yameangukia juu ya magurudumu mawili.

Tuchukue nguvu kwanza, kwa kuwa ndiyo inayozungumzwa sana. Boxer ya sentimita za ujazo 150, inayotoka kiwanda cha Bajaj cha India, ina nguvu-farasi karibu 12 na uzito wa kilo kama 120. Kwa hiyo ikiwa tupu kila nguvu-farasi moja inasukuma kilo 10. Golf ile ya mwaka 1976 kila nguvu-farasi yake ilisukuma kilo 7 na nusu hivi. Tofauti si kubwa kama mtu angedhani! Lakini sisi hatuendi watupu. Weka dereva wa kilo 65, abiria wa kilo 60, na bidoni tatu za mawese za lita 20. Mawese ni mepesi kuliko maji, hivyo kila bidoni ni kilo 18 hivi, jumla 54. Sasa chombo kizima ni kilo 300, na kila nguvu-farasi inabeba kilo 25. Boxer ya sentimita 100, yenye nguvu-farasi karibu 8, ikipewa mzigo uleule inabeba kilo 36 kwa kila moja. Tofauti hiyo utaisikia kwenye kilima chochote cha udongo mwekundu. Ya 150 itapanda ikilalamika, na ya 100 itataka abiria ashuke atembee.

Kwa hesabu hiyo vijana wengi huhitimisha kwamba 150 ndiyo ya kununua. Mimi huwaomba wasubiri. Nguvu ya injini ni jambo moja, na namna inavyofika kwenye gurudumu ni jambo jingine. Mnyororo unazunguka magurudumu mawili yenye meno, dogo la mbele, ambalo mafundi wetu huliita pinyo, na kubwa la nyuma. Ukiweka pinyo yenye jino moja pungufu, au la nyuma lenye meno zaidi, injini inazunguka mara nyingi zaidi kwa kila hatua ya gurudumu. Mbio zinapungua, uvutaji unaongezeka. Kwenye lami ungejuta, kwa sababu chombo kingepiga kelele na kula mafuta bila kukimbia. Lakini kati ya Kasongo na Kabambare, ambako masika dereva mzuri anashukuru akienda kilomita 20 kwa saa, unapoteza mbio ambazo usingezitumia kamwe. Kipande hicho kidogo cha chuma hubadilishwa kwa nusu saa, na huirudishia pikipiki ndogo sehemu kubwa ya kile ilichokosa kilimani. Ukiuliza nguvu ya pikipiki, uliza gia ya kwanza inaweza kutambaa polepole kiasi gani huku imebeba, bila klachi kuungua. Spidi iliyoandikwa kwenye saa ni habari ya barabara nyingine.

Na kuna uzito. Mwaka 2004, vita kubwa ya Kongo ikiwa imetulia lakini msitu ukiwa bado na watu wenye silaha, mwandishi Mwingereza Tim Butcher alisafiri kutoka Kalemie kupitia Kabambare hadi Kasongo, safari aliyoieleza katika kitabu chake Blood River cha mwaka 2007. Njia ya magari ilikuwa imekufa kiasi cha kubaki ujia wa miguu. Vyombo vilivyompitisha vilikuwa pikipiki ndogo za sentimita 100. Msomaji wa Ulaya huenda alishangaa kwa nini mtu mwenye safari ya hatari namna hiyo asitafute pikipiki kubwa za mashindano ya jangwani, zenye injini ya 600 na tangi la lita nyingi. Mtu wa kwetu hashangai. Pikipiki ya kilo 100 ikianguka, mtu mmoja anaiinua. Watu wawili wanaivusha kwenye ulalo, wanaipandisha kwenye mtumbwi, wanaipitisha juu ya mti ulioangukia njia. Ya kilo 180 ikizama hadi ekseli, unahitaji kijiji.

Maarufu kuliko zote katika ukoo huo ni Yamaha AG100. Herufi mbili za kwanza zinatokana na neno la kilimo, kwani ilibuniwa kwa wafugaji na wakulima wa mashamba makubwa. Kila kitu ndani yake kimefikiriwa na mtu aliyewahi kukwama. Mnyororo umefungwa ndani ya kasha, mchanga hauufikii. Kuna stendi upande wa kushoto na upande wa kulia, kwa hiyo utaisimamisha hata kwenye mteremko ulioinama vibaya. Kuna keria mbele na nyuma, na vyuma vya kulinda injini na mikono ikianguka. Injini ni ya mipigo miwili, haina vali kama za mipigo minne, na fundi mwenye spana chache anaifungua na kuifunga alasiri moja. Ndiyo maana mashirika ya misaada na idara za afya zimeipenda kwa miaka mingi katika nchi nyingi za Afrika. Nikiitazama naona kazi ya watu waliowaheshimu watumiaji wao, na hilo si jambo dogo.

Pamoja na hayo, simshauri kila mtu ainunue, na hapa tunafika kwenye uimara, ambao ndio moyo wa sura hii.

Nilimjua mwalimu mmoja aliyenunua pikipiki nzuri ya Kijapani mradi ulipofungwa na vitu vyake kuuzwa. Ilikuwa safi, imetunzwa, injini ikilia kama cherehani. Ilimtumikia mwaka mzima bila kosa. Kisha sahani za klachi zikaisha. Akaipeleka kwa fundi, mzee aliyefungua injini nyingi kuliko milango. Fundi akaitazama muda mrefu, akafuta mikono, akamwambia, "Papa, chuma hiki ni kizuri. Lakini hapa hakina ndugu." Sahani ziliagizwa Bukavu, hazikupatikana, zikaagizwa Bujumbura, zikaja za namna nyingine. Miezi minne pikipiki ilikaa chini ya mwembe, na mwalimu akarudi kutembea kwa miguu.

Maneno ya yule fundi sijayasahau. Pikipiki yenye ndugu ni ile ambayo wenzake wamejaa mjini. Ikiharibika, kuna nyingine iliyokufa mahali fulani inayoweza kutoa kabureta yake. Kijana wa miaka 15 anayejifunza kazi tayari anajua ringi zake zinaingia upande gani. Mwenye kibanda cha vipuri Kabambare, ambaye mtaji wake ni mdogo na hawezi kuweka kila kitu, anaweka vya ile, kwa sababu anajua vitatoka. Uimara tunaouzungumzia kana kwamba umeyeyushwa ndani ya chuma kule kiwandani, nusu yake iko mikononi mwa watu hawa. Boxer na TVS za India, na Haojue za China, si lazima ziwe zimetengenezwa vizuri kuliko za Kijapani. Mara nyingi sivyo. Lakini kipuri chake kimeshasafiri: kimetoka Pune, Hosur au Guangdong, kimeshuka Dar es Salaam, kimepanda treni au lori hadi Kigoma, kimevuka Tanganyika hadi Kalemie au Uvira, kimefungwa nyuma ya pikipiki nyingine, na kimelala dukani kikikungoja. Kipuri cha pikipiki isiyo na ndugu kinaanza safari hiyo siku yako ilipoharibika.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwa muuzaji, nenda kwa fundi. Nenda kwa wawili watatu, hasa wale wa njia utakayotumia. Usiwaulize ipi ni nzuri. Waulize ipi wanaitengeneza mara nyingi, nini huharibika kwanza, na kipande hicho wanakitoa wapi. Pikipiki inayojaa gereji si lazima iwe mbovu. Huenda ndiyo iliyojaa mjini. Ya kuogopa ni ile ambayo fundi anaijua kwa kuisikia tu.

Tazama pia rimu. Za spoki hupinda, na fundi wa baiskeli anaziweka sawa kwa ufunguo mdogo akiwa amekaa kwenye kigoda. Rimu nzima za aluminiamu zinapendeza machoni, ila zikipasuka kwenye jiwe hakuna anayezishona. Hakikisha kiki ipo, hata kama kuna kitufe cha kuwasha, maana betri itakufa siku moja na itachagua mvua. Kama ni ya mtumba, iwashe ikiwa baridi, asubuhi, kabla mwenyewe hajaipasha moto. Moshi wa buluu kwenye injini ya mipigo minne unasema oili inapita kwenye ringi au vali. Shika mnyororo uuvute kando. Ukikunjika kama kamba, umekwisha. Kagua namba ya fremu na karatasi zake, kwani kila kizuizi cha barabarani utaulizwa, na pikipiki isiyo na karatasi hulipiwa mara mbili, ya kwanza dukani na ya pili njiani kidogokidogo.

Kuna kosa moja ambalo limeua injini nyingi kuliko uzee, na ninalisema kwa uchungu kwa sababu kuliepuka ni bure. Pikipiki ikizama majini injini ikiwa inazunguka, maji huingia kwenye silinda. Hewa hubanwa, maji hayabaniki. Dereva akiisukuma nje na kupiga kiki kwa hasira, pistoni inagonga maji kama inavyogonga ukuta, na mkono wa pistoni unapinda. Toa buji kwanza, yaani plagi ya moto. Piga kiki taratibu maji yaruke nje kupitia tundu lake. Angalia oili, kama imekuwa nyeupe kama maziwa, imwage. Chombo dhaifu chenye dereva anayejua hili kitaishi kuliko chombo imara chenye dereva asiyejua. Na petroli ya chupa ya kandokando ya njia, ichuje kwa kitambaa safi ingawa muuzaji ni jirani yako. Uchafu na maji si tabia ya muuzaji, ni tabia ya safari ndefu ambayo petroli hiyo imepita kwenye bidoni nyingi.

Kuhusu manufaa, nafikiria zaidi watu wa afya. Kanda ya afya ya Lusangi, kama jirani zake Kabambare na Kunda, ina vituo ambavyo chanjo hufika kwa pikipiki. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8, ndani ya kisanduku chenye vipande vya barafu, na barafu huanza kuyeyuka tangu mfuniko unapofungwa. Kwa muuguzi huyu mbio zina maana halisi kuliko kwa kijana yeyote wa mjini. Lakini mbio zake ni za kufika, si za kukimbia: kisanduku kikae imara kwenye keria, kisirukeruke, na pikipiki isimwache katikati ya njia jua likiwa kichwani. AG100 ilizaliwa kwa kazi hii, na idara yenye ghala lake la vipuri haina sababu ya kuikataa. Ghala hilo ndilo ndugu zake.

Sasa mlete mama mwenye uchungu wa kuzaa. AG100 ileile ina kiti kifupi, na nyuma yake ni chuma cha keria. Pikipiki ndefu za matope, zile za 125 zenye springi zilizonyanyuka, zina kiti cha juu ambacho mama huyu hawezi kukifikia bila kubebwa. Boxer na TVS, ambazo mtaalamu angezidharau kwa springi zao fupi, zina kiti kirefu, cha chini, kilichotengenezwa kwa watu wawili, na mara nyingi hukaa watatu: dereva, mama, na dada au mkwe anayemshika kwa nyuma asianguke. Nimewaona wakipita hivyo usiku, taa ikitikisika, dereva akiongea na mama muda wote. "Vumilia yaya, kilima hiki ni cha mwisho." Hakikuwa cha mwisho. Urefu wa kiti ni kitu ambacho hakimo katika majedwali ya nguvu na kasi, na kwa familia yenye wanawake ningekiweka juu ya nguvu-farasi nne za ziada.

Nikiulizwa basi, nasema hivi. Anayefanya kazi ya abiria na mizigo mizito kwenye njia zilizolimwa, na ana fedha za petroli, achukue 150 ya India yenye spoki. Shirika lenye fundi wake na ghala lake, AG100. Lakini mtu wa kawaida wa Kasongo, Lusangi au Kabambare, mwenye chombo kimoja cha kazi zote, mkulima anayepeleka mpunga sokoni na kuwarudisha watoto wakiwa na homa, ningemwelekeza kwenye ya sentimita 100 au 125 ya mipigo minne, yenye ndugu wengi, iliyobadilishwa pinyo. Inakunywa kidogo. Kwenye lami, ndogo hizi hupita kilomita 50 kwa lita moja, kwetu ni pungufu, lakini bado chupa moja ya petroli inafika mbali. Na ni nyepesi.

Mpwa wangu alipoweka akiba yake na kuniomba nimsindikize dukani, moyo wake ulikuwa kwenye 150 nyekundu iliyosimama mlangoni. Sikumkatalia. Fedha ni zake, na alizitafuta kwa jembe. Njiani nilimuuliza tu shamba lake liko wapi, na kati yake na soko atavuka ulalo mara ngapi. Alihesabu kwa vidole, akasema tano, wakati wa mvua saba. Tulipofika aliizunguka ile nyekundu mara mbili, akaikalia, akashuka. Kisha akaenda nyuma yake, akainama, akashika keria kwa mikono miwili.

"Mjomba," akaniita, "hebu shika mbele."

Tukaiinua, tukahesabu hatua kumi hadi ukutani na kumi kurudi. Akaiweka chini, akapumua, akaenda kushika keria ya ile ndogo.